Kwenye simu yangu inafunguka, kwa wajaribu haifunguki

SWALI

Ndugu mshauri, salaam.

Nimetengeneza programu ya Android kwa ajili ya mafundi cherehani. Fundi anaandika jina la mteja na vipimo vyake (bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono), anaweka picha ya kitambaa na tarehe ya kuchukua nguo. Kazi yenyewe imekamilika. Kinachonishinda ni kuiingiza kwenye duka la Google Play, na nadhani kuna fundo nimelifunga mwenyewe.

Nilifungua akaunti ya msanidi ya mtu binafsi mwaka huu, nikalipa dola 25. Sharti la kwanza lilikuwa majaribio ya kufungwa, yaani ya watu walioalikwa tu, kwa watu 12 kwa siku 14. Nikapata watu 12 kamili, toleo la 5 likapita ukaguzi, wakapakua. Wote wakaniletea habari moja: ukibonyeza kitufe cha kuingia kwa akaunti ya Google, duara linazunguka kidogo, kisha unarudishwa palepale. Kwenye simu yangu kitufe hicho hakijakosea hata mara moja. Siku zilipotimia nikaomba kutoa programu kwa umma, nikajibiwa kwamba bado inahitaji kujaribiwa.

Nikaona niachane na kitufe cha Google. Katika toleo la 6 mtumiaji anaingia kwa namba ya simu: seva yangu inamtumia SMS yenye tarakimu 6, na programu inaisoma yenyewe kwa ruhusa ya READ_SMS. Humo humo nikaongeza ukumbusho, yaani tarehe ikikaribia simu ya fundi inamtumia mteja SMS. Toleo hilo niliweka kwenye majaribio ya ndani na ya kufungwa. Likakataliwa kwa sababu ya ruhusa za SMS. Nikafuta mstari wa READ_SMS, nikapakia toleo la 7 kwenye majaribio ya kufungwa. Jibu likawa lile lile, na sasa limeongezeka jingine: wakaguzi hawakuweza kuingia ndani ya programu.

Nimefuta ruhusa, kwa nini bado inaonekana? Wakaguzi wataingiaje wakati tarakimu zinakwenda kwenye simu ya mtu? Ile fomu ya kuomba kutoa kwa umma inajibiwaje? Na je, nianze upya kwa akaunti ya kaka yangu, ambaye amekubali, au nihamie duka la Apple?

Wako,
Aliyekwama na toleo la 7

JIBU

Ndugu yangu, salaam nyingi.

Umefanya vyema kueleza kwa mpangilio, maana mpangilio huo ndio uliotoa jibu. Unaona matatizo manne. Mimi naona moja lililozaa mengine yote, nalo liko kwenye kile kitufe ulichokiacha. Wajaribu 12 hawakuwahi kupita ukurasa wa kwanza wa programu yako. Kwa siku 14 hakuna aliyeandika kipimo hata kimoja. Ombi lako lisingeweza kukubaliwa, kwa sababu programu kweli haikuwa imejaribiwa. Kisha ili kukwepa kitufe ukaleta SMS, na SMS ikaleta ruhusa ambazo Google Play inazibana kuliko karibu ruhusa nyingine zote. Kwa hiyo turudi kwenye kitufe.

Unapotengeneza programu na kuiweka kwenye simu yako kwa waya, inatiwa sahihi kwa ufunguo wa majaribio ulioko kwenye kompyuta yako. Unapopakia faili la AAB (programu nzima kama unavyoipeleka dukani) kwenye Play Console, yaani ukurasa wa msanidi wa Google Play, umelitia sahihi kwa ufunguo wa pili, ule wa kupakilia. Lakini programu anayopakua mtumiaji haina sahihi hata moja kati ya hizo mbili. Google inapokea faili lako, inatoa humo vifurushi vya APK vinavyofaa kila simu, kisha inavitia sahihi kwa ufunguo wa tatu, ambao inautunza yenyewe. Kila ufunguo una alama yake ya SHA-1, ambayo ni jozi 20 za herufi na tarakimu zilizotenganishwa kwa nukta pacha. Huduma ya kuingia kwa Google hutazama vitu viwili kabla ya kumfungulia mtu: jina la kifurushi cha programu na alama hiyo. Alama ya ufunguo wa majaribio umeisajili, ndiyo maana simu yako inafunguka. Alama ya ufunguo wa tatu hukuisajili, kwa hiyo kila aliyepakua dukani anaonekana mgeni na kurudishwa mlangoni. Ukitazama kumbukumbu za simu ya mjaribu wakati anabonyeza, mara nyingi utakuta kosa namba 10, ambalo maana yake ni kwamba usajili haulingani.

Tiba yake ni fupi kuliko maelezo. Fungua Play Console, tafuta ukurasa wa "App signing". Utaona vyeti viwili, cha ufunguo wa programu na cha ufunguo wa kupakilia. Nakili SHA-1 na SHA-256 za vyote viwili. Kama unatumia Firebase, huduma ya Google ya kuendeshea programu, nenda kwenye mipangilio ya mradi, chagua programu yako ya Android, ongeza alama hizo, kisha pakua upya faili la google-services.json kwa ajili ya toleo lijalo. Kama hutumii Firebase, fungua mradi wako kwenye Google Cloud, tengeneza kitambulisho kingine cha OAuth (usajili wa kuingia kwa Google) cha aina ya Android, uandike jina la kifurushi na alama ya ufunguo wa programu. Usifute kile cha zamani, kwa sababu utakihitaji ukiwa unaunda kwenye kompyuta. Mabadiliko yanaweza kuchukua muda kidogo kushika, basi usikate tamaa ndani ya dakika tano.

Tofauti hiyo ya funguo haiishii kwenye kuingia. Ramani za Google, kuingia kwa Facebook na huduma nyingine zinazofunga ufunguo wake kwa sahihi ya programu huvunjika kwa namna ile ile: kwako zinakwenda, dukani zinakufa. Ndiyo sababu nakusihi usipime toleo la kutolewa kwa waya peke yake. Jiweke mwenyewe kwenye orodha ya majaribio ya ndani, ufute programu iliyopo kwenye simu yako, upakue ile ya dukani, upitie kila ukurasa. Hapo pia utagundua makosa ya kupunguza msimbo: R8, chombo kinachopunguza msimbo, ikikata sehemu inayosoma data ya seva, toleo la kompyuta linaonekana zima na la dukani linaanguka. Tumia majaribio ya ndani kwa kazi hiyo, si ule mfumo wa kushirikiana programu kwa kiungo, kwa sababu huo hutia sahihi kwa ufunguo mwingine tena na utakuchanganya.

Sasa ruhusa iliyofutwa na bado inaonekana. Kwanza, ulifuta READ_SMS, lakini ukumbusho wako kwa wateja unatumia SEND_SMS, ruhusa ya kutuma SMS, nayo iko kundi moja. Kanuni ya Google Play kwa kundi hilo ni kwamba ruhusa hizi ni kwa programu ambazo mtumiaji amezichagua ziwe programu yake kuu ya SMS, pamoja na matumizi machache yaliyotajwa kwenye kanuni na kuombewa kwa fomu. Daftari la fundi cherehani halimo. Wala huihitaji. Badala ya simu kutuma kimyakimya, fungua programu ya SMS ya simu yenyewe kwa ACTION_SENDTO yenye anwani ya smsto, ukiwa umeshajaza namba ya mteja na maneno ya ukumbusho. Fundi anasoma, anabonyeza tuma. Huhitaji ruhusa yoyote, na kwa maoni yangu ni bora zaidi, kwa sababu mteja akihamisha tarehe fundi ana nafasi ya kurekebisha ujumbe kabla haujaondoka.

Pili, ruhusa zinaweza kuingia bila wewe kuziandika. Kila maktaba unayoongeza, yaani msimbo ulioandikwa na wengine, huja na faili lake la AndroidManifest.xml, linalotangaza ruhusa, na wakati wa kuunda yote huunganishwa kuwa moja. Fungua faili lako ndani ya Android Studio, chini utaona kichupo cha "Merged Manifest". Hapo ndipo pa kuamini, kwa kuwa kinaonyesha kila ruhusa na maktaba iliyoileta. Ukikuta usiyoitaka, iandike kwenye faili lako hivi:

<uses-permission android:name="android.permission.READ_SMS" tools:node="remove" />

na juu kabisa, kwenye alama ya manifest, hakikisha umetangaza xmlns:tools. Ukishapakia, ingia kwenye kichunguzi cha vifurushi ndani ya Play Console uone orodha ya ruhusa za toleo hilo. Kama SMS haipo kwenye orodha hiyo, haipo kwenye toleo hilo.

Tatu, na hili ndilo linalowapotezea wengi wiki nzima: toleo la 6 bado liko hai kwenye majaribio ya ndani. Ukaguzi wa kanuni hauangalii tu toleo ulilotuma leo, unaangalia kila njia ya kutolea programu, iwe ya ndani au ya kufungwa, ambayo bado inabeba kifurushi chenye kosa. Ukisafisha njia moja na kuiacha nyingine, utapokea barua ile ile hata kama toleo jipya ni safi. Tengeneza toleo la 8 lisilo na SMS. Kumbuka namba ya toleo haitumiki mara mbili, hata kama la kwanza lilikataliwa. Liweke kwenye majaribio ya kufungwa, kisha fungua majaribio ya ndani na uongeze kifurushi hicho hicho kutoka maktaba ya vifurushi, bila kupakia upya. Kabla ya kutuma, kwenye ukurasa wa toleo hakikisha la 6 na la 7 yameorodheshwa upande wa yasiyojumuishwa, na usambazaji ni asilimia 100.

Ukiwa humo humo, angalia ruhusa za picha na za majina ya simu. Picha ya kitambaa haihitaji READ_MEDIA_IMAGES. Kichagua picha cha Android kinampa mtumiaji nafasi ya kuchagua picha moja bila programu yako kuona nyingine, na kwa programu inayohitaji picha mara chache chache Google Play inataka utumie hicho. Namba ya mteja ukiitoa kwenye orodha ya majina, tumia ACTION_PICK, inaleta mtu mmoja aliyechaguliwa bila kuomba READ_CONTACTS. Kila ruhusa unayoiacha ni swali moja pungufu kutoka kwa mkaguzi.

Je, kuingia kwa namba ya simu kubaki? Kitufe cha Google kikishapona huenda usihitaji namba ya simu, na mimi ningeiondoa kwanza. Ukiibakiza, tarakimu 6 zinaweza kusomwa bila READ_SMS. Njia ya kwanza ni SMS Retriever: seva yako inaandika mwishoni mwa ujumbe kitambulisho cha programu chenye herufi 11, ujumbe wote usizidi baiti 140, na huduma za Google kwenye simu zinaipa programu yako ujumbe huo mmoja tu. Ila kitambulisho hicho hukokotolewa kutokana na jina la kifurushi pamoja na cheti cha sahihi. Ukikikokotoa kwa ufunguo wa kompyuta yako, utarudi pale pale tulipoanzia: kwako kinasoma, dukani hakisomi. Kikokotoe kwa cheti cha ufunguo wa programu. Njia ya pili ni SMS User Consent, ambayo haitaki kitambulisho chochote. Simu inamwuliza mtumiaji kama aruhusu ujumbe huo usomwe, anakubali kwa mguso mmoja.

Wakaguzi nao. Mkaguzi hana simu inayopokea SMS zako. Anayo programu, na yale uliyomwandikia kwenye kipengele cha "App access". Ukiacha kipengele hicho wazi, au ukaandika "jisajili kwa namba yako", ukaguzi unaishia hapo. Kumpa anwani na nenosiri la akaunti ya Google uliyoitengeneza kwa ajili yake nako hakusaidii sana, kwa sababu akiingia kutoka kifaa kigeni Google yenyewe inaweza kumdai uthibitisho unaokuja kwenye simu yako wewe, na huenda wakati huo umelala.

Kuna njia tatu zinazofanya kazi. Ya kwanza, ambayo ndiyo ningekuchagulia, ni kumruhusu yeyote atumie daftari bila kujisajili, data zikae kwenye simu, na kujisajili kuwe kwa anayetaka nakala ya akiba tu. Mafundi wenyewe watakushukuru. Hata hivyo sehemu ya akiba bado iko nyuma ya kuingia, kwa hiyo mkaguzi atahitaji akaunti ya kuifikia. Ya pili ni mlango mdogo wa anwani na nenosiri, wenye akaunti moja ya maonyesho. Ya tatu, kama umebaki na namba za simu, ni namba ya majaribio: kwenye Firebase unaweza kusajili hadi namba 10 za uongo zenye tarakimu za kudumu, bila SMS kutumwa. Kwa kuwa wewe unatuma kwa seva yako, weka kanuni kwenye seva kwamba namba fulani moja, isiyo ya mtu, inakubali tarakimu fulani zisizobadilika, na akaunti yake isiweze kufikia data ya mtu mwingine yeyote.

Maelekezo yaandike kwa Kiingereza, ndivyo Google Play inavyotaka, na yawe ya hatua kwa hatua: fungua programu, bonyeza kitufe fulani, andika namba hii, andika tarakimu hizi, utafika kwenye ukurasa huu. Akaunti hiyo isiishe muda, itumike mara nyingi, na ifanye kazi kutoka nchi yoyote. Kama seva yako inazuia maombi ya kutoka nje, mkaguzi atazuiwa pia. Kisha jambo ambalo halimo kwenye kanuni lakini linasaidia sana: jaza akaunti hiyo wateja watano wenye vipimo kamili, picha za vitambaa na tarehe, mmoja wao akiwa wa kesho. Anayefungua ukurasa mtupu wenye kitufe cha kuongeza hajui anatazama nini.

Wajaribu. Sharti la watu 12 kwa siku 14 mfululizo linahusu akaunti za watu binafsi zilizofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023. Zamani lilikuwa watu 20. Kuwa na 12 kamili ni kujiweka pabaya: mmoja akijitoa siku ya tisa, atakayemrithi anaanza siku zake 14 mwenyewe, na wewe unamngoja. Tafuta 18 au 20. Majaribio ya ndani hayahesabiwi, hata yakiwa na watu 100. Na kinachohesabiwa ni kukubali kushiriki kwa kiungo cha majaribio, si kuwa kwenye orodha yako ya anwani. Kosa linalojirudia ni la simu yenye akaunti mbili: mtu anakubali kwenye kivinjari kwa akaunti moja, na duka kwenye simu yake limefunguliwa kwa nyingine, anaambiwa programu haipo. Mwelekeze abadilishe akaunti ndani ya duka lenyewe. Hakikisha pia nchi ya kila mjaribu imechaguliwa kwenye njia ya majaribio.

Usiwatafute kwenye makundi ya kubadilishana majaribio, ambako kila mmoja anafungua programu ya mwenzake mara moja na kuondoka. Watafute mafundi wenyewe, ndio wanaoshona kila siku na watakaoifungua kila siku. Wape kazi: siku ya kwanza ingiza mteja mmoja, siku ya tatu badilisha kipimo cha kiuno, siku ya tano tuma ukumbusho, siku ya nane zima intaneti uone kama vipimo vinabaki. Maoni yao kwenye duka wakati wa majaribio yanakujia wewe peke yako, hayaonekani hadharani, kwa hiyo waambie wasiogope kusema ukweli. Andika kila malalamiko na tarehe, toa angalau toleo moja au mawili ndani ya siku hizo 14 yanayojibu waliyosema, na kwenye maelezo ya toleo useme nini kimebadilika.

Ukifanya hivyo, fomu inajijibu. Itakuuliza umewapataje wajaribu, walitumia sehemu zipi za programu, walisema nini na uliwasikiliza kwa njia gani, programu ni ya nani na inamfaa kwa lipi, ulibadilisha nini kutokana na majaribio, na kwa nini unaamini iko tayari. Jibu kama "wajaribu waliipenda, hakuna tatizo" ni jibu la mtu ambaye hakujaribu. Andika hivi: "Mafundi wanne walishindwa kuona kitufe cha kuhifadhi pale kibodi inapofunguka, toleo la 9 limekipandisha juu. Wawili waliomba nafasi ya kipimo cha paja. Imeongezwa toleo la 10." Majibu ya ombi hilo kwa kawaida huja ndani ya siku 7. Usifiche kwamba majaribio ya kwanza yalikwama kwenye kuingia. Sema, na useme ulivyorekebisha.

Kuna fomu nyingine ambazo hukuzitaja, nami nataja zile zenye miiba tu. Fomu ya usalama wa data inauliza unachokusanya, na kukusanya maana yake ni data kutoka nje ya simu. Vipimo vinavyobaki kwenye simu havitangazwi. Vikipanda kwenye seva yako kwa ajili ya akiba, basi majina, namba za simu na picha unazikusanya, ingawa ni za wateja wa fundi na si za fundi mwenyewe. Maktaba ya kuripoti hitilafu ikituma kitambulisho cha kifaa, hiyo pia ni yako kutangaza. Sera ya faragha iwe ukurasa wa wavuti unaofunguka kwa kila mtu, si PDF wala hati inayoweza kuhaririwa, itaje programu kwa jina, na ipatikane pia ndani ya programu. Kama mtu anaweza kufungua akaunti, lazima aweze kuifuta ndani ya programu, na pia kwa kiungo cha wavuti bila kuisakinisha tena. Na tangu Agosti 31, 2025 programu mpya na masasisho yanatakiwa kulenga Android 15, yaani API 35, basi angalia targetSdk yako kabla hujaunda toleo la 8.

Akaunti ya kaka yako iache. Kukataliwa kwa toleo si adhabu, hakuharibu hadhi ya akaunti yako kwa mara moja au mbili, ingawa kulirudia rudia kosa lile lile kunaweza kuishia kwenye kusimamishwa, ambako ndiko kunakoandikwa kwenye rekodi. Akaunti zinazohusiana huunganishwa. Moja ikifungwa kwa kuvunja kanuni, nyingine inaweza kufungwa nayo, na kaka yako atakuwa amepoteza jina lake kwa ajili ya mstari mmoja wa SEND_SMS. Tena yeye naye angelazimika kuanza na watu 12 na siku 14.

Apple ni nyumba nyingine yenye milango yake. Ada ni dola 99 kwa mwaka, unahitaji Mac ya kuundia, na hakuna sharti la wajaribu 12. Apple inasema asilimia 90 ya maombi hukaguliwa chini ya saa 24. Lakini programu ya iPhone haiwezi kusoma SMS kabisa, akaunti ya maonyesho inadaiwa vilevile, kufuta akaunti ndani ya programu ni lazima tangu Juni 30, 2022, na ukiweka kitufe cha kuingia kwa Google unatakiwa kuweka pia njia nyingine inayolinda faragha, kama ile ya kuingia kwa Apple. Nenda huko kwa sababu mafundi wako wana iPhone. Matatizo ya sasa yangekufuata huko.

Kwa hiyo usianze na toleo la 8. Anza na alama za SHA-1. Kwa vile la 6 na la 7 yalikataliwa kwenye majaribio ya kufungwa, wajaribu wako ambao hawajafuta programu bado wana toleo la 5 mkononi, lile lenye kitufe cha Google, na usajili wa alama uko upande wa Google, hauko ndani ya programu. Zisajili leo, subiri saa chache, kisha mwombe mmoja wao abonyeze kile kitufe tena bila kusasisha chochote.